Ndege Isiyotaka Kukaa Chini: Kisa cha Caravan ya Simuleta Iliyotengenezwa Dodoma

Caravan inayozungumziwa hapa haijawahi kubeba abiria wala mfuko wa saruji. Ni mafaili tu ndani ya kompyuta: umbo la 3D, picha za rangi, sauti, na kurasa kadhaa za namba zinazoiambia programu ndege ifanye nini rubani akivuta usukani. Vijana wawili wa Dodoma waliitengeneza iwe ndege ya nyongeza katika FlightGear, simuleta (programu ya kuigiza urukaji) ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua, kuifungua na kuibadilisha. Walipoona imekamilika wakamwita rubani mstaafu, mtu aliyeirusha Caravan halisi kwa miaka mingi, aje aijaribu. Mzee akaruka, akazunguka, akatua, akarudia. Kisha akasema, "Wanangu, ndege yenu haitaki kukaa chini."

Tatizo alilolihisi wakati wa kutua lilikuwa limezaliwa kwenye injini, likafichwa na masahihisho mawili ambayo kila moja, siku lilipofanywa, lilionekana la busara. Nimepitia mafaili yao ya mwanzo na ya mwisho. Hadithi yenyewe imo humo, kwenye namba, na mtu anayetengeneza ndege ya simuleta nyingine, kama X-Plane au ya Microsoft, ataitambua vilevile.

Kwa nini Caravan, na kwa nini hii

Cessna 208B Grand Caravan ni ndege ambayo Mtanzania aliyewahi kuruka kwenda mbugani anaweza kuwa ameipanda bila kujua jina lake: injini moja mbele, mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, inatua kwenye changarawe na kuondoka. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilitoka ikiwa nayo tayari. Lakini ile ni Grand Caravan EX, yenye injini ya PT6A-140 ya nguvu farasi 867 na skrini kubwa za G1000. Vijana walitaka kaka yake mkubwa, mwenye PT6A-114A ya nguvu farasi 675 na geji za mishale. Walitaka pia iruke kwenye kompyuta ya mtumba, kwa mtu asiye na kadi ya picha ya maana na asiyetaka bando lake limezwe na mandhari ya dunia nzima.

Waligawana kazi. Mmoja, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alichukua umbo na rangi kwa Blender, programu ya kuchora 3D. Mwenzake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda Makole, alichukua namba. Tabia ya ndege waliiandika kwa JSBSim, programu huria inayofanya hesabu za urukaji ndani ya FlightGear. X-Plane hukata bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwa kila kipande kutokana na umbo. JSBSim haina habari na umbo unaloliona kwenye skrini. Inasoma faili la XML lenye sehemu zake: vipimo, uzito na mizania, miguu ya ndege, injini, usukani, na majedwali ya nguvu za hewa. Unaweza kuchora Caravan nzuri ajabu juu ya namba za jiwe, nayo ikaanguka kama jiwe.

Walichokipatia mapema

Umbo sitalijadili sana, kwa kuwa lilikuwa zuri tangu mwanzo. Riveti zipo, rangi imechubuka pale ambapo viatu vya rubani hukanyaga, na vumbi jekundu limekaa nyuma ya magurudumu mahali linapokaa kweli. Namba ya usajili inaanza na 5H kama ndege zote za Tanzania, ila herufi zinazofuata walizitunga ili wasichukue utambulisho wa ndege ya mtu.

Pia walipatia kuwasha injini, na hapo fundi wa Makole alionyesha uvumilivu. PT6A ina tabini mbili zisizoungana kwa chuma: moja huendesha kikandamizi cha hewa, nyingine huzungusha propela, na kati yao ni gesi ya moto tu inayopita. Ndiyo maana unapowasha Caravan unasikia injini ikilia huku propela bado inasuasua. Rubani anabonyeza stata, anasubiri mizunguko ya injini ipite asilimia 12, ndipo anasogeza kishikio cha mafuta. Joto linapaa ghafla na jicho lake linaganda kwenye geji ya ITT, joto la gesi kati ya tabini hizo mbili, ambalo wakati wa kuwasha halitakiwi kuvuka nyuzi 1,090. Injini ikifika asilimia 52, stata inazimwa. Katika ndege nyingi za bure mfuatano huu wote umefupishwa kuwa kitufe kimoja. Katika ndege ya vijana hawa ukiwahisha mafuta, unaunguza injini. Mzee alipoiwasha mara ya kwanza alicheka, akaita mkewe aje aone.

Malalamiko mawili, moja likasikika

Mzee alitoa malalamiko mawili siku ile. La kwanza ni lile la kutua. Akifika juu ya njia ya kurukia na kurudisha nguvu ya injini, ndege halisi inazama na kugusa ardhi. Hii ilikuwa inaelea, inaimeza njia ya Dodoma huku magurudumu yako hewani. La pili alilisema akiwa ameshasimama, kama mtu anayeongea peke yake: "Na hii injini yenu haipati joto? Mchana wa Dodoma sawa na alfajiri ya Dar?"

La kwanza lilishughulikiwa usiku huohuo. La pili liliandikwa kwenye orodha ya mambo madogo, chini ya kipengele cha taa ya mlango.

Walihisi kwanza ni joistiki, ambayo ilikuwa ya bei rahisi na nyepesi mkononi. Wakapunguza ukali wake karibu na katikati. Mzee akarudi, ndege ikaelea. Wakageukia athari ya ardhi. Ndege ikikaribia chini kwa kimo kinacholingana na urefu wa mabawa yake, ukinzani hupungua, na JSBSim inakuruhusu kuandika jedwali la jambo hilo. Wakalipunguza hadi likakaribia kufutika. Kuelea kukapungua kidogo, lakini sasa ndege ilidondoka ghafla mita ya mwisho, tabia ambayo Caravan haina. Mtu akapendekeza waongeze msuguano wa matairi. Pendekezo hilo lilinishangaza zaidi ya yote: matairi yanasaidia nini kwa ndege ambayo bado iko hewani?

Kilichowaokoa ni kwamba kila badiliko lilikuwa limehifadhiwa kwenye Git, programu inayotunza historia ya mafaili, na fundi alikuwa na tabia nzuri ya kuandika sababu mbele ya kila badiliko. Tuliposoma historia ile kuanzia nyuma, mambo yalijipanga.

Namba mbili zilizosaidiana kudanganya

Ukinzani wa hewa kwa ndege una sehemu mbili. Kuna ukinzani wa umbo, yaani mwili, miguu, antena, vyote vinavyosukuma hewa. Huu hukua kadiri unavyokimbia. Na kuna ukinzani wa kubeba, ambao ni gharama ya bawa kuinua uzito. Huu hukua kadiri unavyokwenda polepole, kwa kuwa bawa linalazimika kuinua ukingo wake wa mbele zaidi. Kwenye faili la JSBSim sehemu ya kwanza inaweza kuwa namba moja, na ya pili kizidishi kinachozidishwa kwa mraba wa namba ya kuinua.

Historia ilionyesha hivi. Toleo la awali lilikuwa na kasi kupita kiasi likiwa futi 10,000, ambako Caravan hii inatakiwa kwenda kama noti 175 (maili za baharini kwa saa). Fundi akaongeza ukinzani wa umbo hadi 0.046. Kasi ikakaa sawa. Akaruka kutoka Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, akakuta kupanda kumekuwa kuzito, wakati ndege iliyojaa inatakiwa kupanda karibu futi 1,000 kwa dakika. Akapunguza kizidishi cha kubeba hadi 0.027. Kupanda kukakaa sawa. Kwenye maelezo yake aliandika: "Sasa zote mbili ziko sawa."

Na kweli zilikuwa sawa, katika sehemu mbili alizopima. Muuza duka mwenye mizani pungufu akishusha na bei, mteja wa kilo moja ya sukari hatalalamika. Atalalamika wa nusu kilo na wa gunia.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye 0.027 yenyewe. Bawa la Caravan lina urefu wa mita 15.88 ncha hadi ncha, na eneo la mita za mraba 25.96. Ukipata mraba wa urefu na kugawa kwa eneo unapata 9.7. Fizikia ya bawa la kawaida ina sakafu: kizidishi cha kubeba hakiwezi kushuka chini ya 1 gawanya kwa pai mara 9.7, yaani 0.033, na hiyo ni kwa bawa kamilifu la kwenye karatasi. Mabawa ya chuma yenye viungo na mwili katikati hukaa juu zaidi, karibu na 0.04. Faili la vijana lilikuwa na bawa bora kuliko bawa kamilifu. Hakuna haja ya rubani wala simuleta kugundua hilo. Kikokotoo cha simu kinatosha, na nadhani kila anayetengeneza ndege angepaswa kufanya hesabu hiyo kabla ya kuchora rivet hata moja.

Ushahidi wa pili ni kasi ya kunyiririka bila injini. Kitabu cha ndege kinasema Caravan iliyojaa ikizimikiwa inasafiri mbali zaidi kwa noti 95. Namba za faili la zamani ukizikokotoa zinatoa noti 84, na ndege inasogea mita 14 kwa kila mita moja ya kushuka. Yaani ilipenda kwenda polepole. Kwa noti 75, karibu na kasi ya kutua, na kabla ya kuhesabu flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), ukinzani wake ulikuwa pungufu kwa karibu moja ya tano ya ule unaostahili. Hapo ndipo mzee alipokuwa anaimeza njia ya kurukia. Joistiki haikuwa na hatia.

Lakini kwa nini ilikuwa na kasi kupita kiasi pale mwanzo? Swali hilo fundi hakuwahi kujiuliza. Aliona kasi imezidi, akaongeza breki.

Dodoma ya nyuzi 8

Hapa ndipo lalamiko la pili, lile lililolala chini ya taa ya mlango, liliporudi.

JSBSim inaweza kuendeshwa peke yake, bila picha. Unaipa faili la maelekezo (ruka kutoka kimo hiki, sukuma nguvu, vuta usukani kwa kasi fulani) nayo inakurudishia jedwali la CSV ndani ya sekunde chache. Kwa mtu mwenye kompyuta dhaifu hii ni neema, na fundi aliitumia mno. Majaribio yake mengi ya "Dodoma" yalifanyika hivyo, usiku, bila kuona hata jengo moja.

Usipoiambia hali ya hewa, JSBSim hutumia angahewa sanifu: nyuzi 15 usawa wa bahari, zikipungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673, karibu mita 1,120. Piga hesabu: chini ya nyuzi 8. Majaribio yote ya Dodoma yalikuwa yamefanyika kwenye ubaridi ambao mtu wa Dodoma angeufuata Makete. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana wa mji huu hupita nyuzi 30 kwa urahisi.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa nyuzi 32, hewa ya uwanja wa Dodoma inakuwa nyepesi kama ile ya kimo cha futi 6,500 hivi katika siku sanifu. Msongamano wake ni kama asilimia 83 ya hewa ya usawa wa bahari. Geji ya kasi inasoma mgandamizo wa hewa, kwa hiyo rubani ananyanyua pua kwenye namba ileile aliyoizoea, ila ardhini anakimbia kwa asilimia 10 zaidi kuliko usawa wa bahari. Umbali wa kukimbia unaongezeka kwa mraba wa kasi, yaani karibu moja ya tano, na propela yenye nguvu ileile inavuta pungufu kidogo kadiri kasi halisi inavyopanda. Jumla ni karibu theluthi moja ya ziada, na hapo injini haijapoteza chochote.

Sehemu hii JSBSim inaifanya yenyewe ukishaipa joto, na ilifanya vizuri. Kuna mtego mmoja tu wa kuchekesha: joto la ziada linaandikwa kwa nyuzi za Rankine, za mfumo wa Kimarekani. Nyuzi 24 za Selsiasi unazotaka kuongeza ni karibu 43 kwa kipimo hicho. Ukiandika 24 umepata Dodoma ya nyuzi 21 tu.

Ambayo haikufanya ni injini. Fundi alikuwa ameandika nguvu farasi 675 kama kiwango cha juu, na majedwali yake yaliifikia popote: Dar, Dodoma, futi 10,000, baridi au joto. ITT nayo aliiunganisha na mizunguko ya injini peke yake, kwa hiyo haikujua kama nje kuna jua. Mzee alikuwa ameona sawasawa. Na sasa ule mwendo wa kupita kiasi wa futi 10,000 ulieleweka, maana kule juu ndege ilikuwa inapewa nguvu ambazo injini halisi haina. Ukirudisha ukinzani kwenye namba za kweli, kasi ya noti 175 kwa kimo hicho inahitaji karibu nguvu farasi 590 tu.

Kikomo ni mkono wa rubani

Kosa la 675 lina mantiki yake, na ninalielewa. Kila kipeperushi cha Caravan kinasema 675. Lakini namba hiyo ni mpaka wa gia na propela. Mshale wa toki, yaani nguvu ya kusokota propela, una kikomo cha futi-pauni 1,865, na propela haizidi mizunguko 1,900 kwa dakika. Zidisha hizo mbili, gawa kwa 5,252, unapata 675. Ndani ya injini kwenyewe, usawa wa bahari, kuna zaidi ya hapo. Imefungwa kwa makubaliano tu. Ukipanda, au hewa ikipata moto, akiba hiyo inaliwa polepole. Mwanzoni kinachomzuia rubani ni toki. Akiendelea kupanda kinakuwa ITT, ambayo wakati wa kuondoka ardhini isizidi nyuzi 805, na toki inaanza kushuka yenyewe bila yeye kugusa kitu.

Tena Caravan hii haina kompyuta ya kumshika rubani mkono. Akisukuma kishikio chote mbele akiwa Dar asubuhi, mshale utavuka mstari mwekundu na injini haitamwambia kitu. Mzee alieleza vizuri zaidi ya mafaili yote. Walimuuliza anajuaje amesukuma vya kutosha, naye akanyoosha mkono wa kulia hewani, akausogeza mbele, akausimamisha. "Dar unasimama hapa. Dodoma mchana unafika hapa, jicho lako lishahama geji."

Namna walivyomhoji baada ya hapo inastahili kuigwa. Mwanzoni walikuwa wanamuuliza, "Mzee, iko kama ya kweli?" Swali hilo halina jibu zaidi ya adabu, mzee mwenye heshima zake atasema mmejitahidi. Baadaye wakaanza kumuuliza mambo ya mwili na macho: mkono uko wapi, pua iko juu ya upeo kiasi gani, mguu upi unakanyaga ukiongeza nguvu, unasikia nini ukirudisha kishikio. Hapo kumbukumbu yake ilikuwa sahihi mno. Kwa namba tupu haikuwa hivyo. Kuna kasi aliitaja kwa uhakika kabisa, na kitabu cha ndege kikasema nyingine. Fundi alisita kumwambia, akamwonyesha ukurasa tu. Mzee akavaa miwani, akasoma, akasema, "Basi ile ilikuwa ya Cessna 206."

Kuanza upya kwa mpangilio

Walirudi nyuma, na safari hii walifuata mpangilio ambao nadhani ndio pekee unaofaa: kwanza uzito na vipimo, kisha ndege bila injini, kisha propela, injini ya mwisho.

Bila injini maana yake mapanga ya propela yamelazwa, ukingo wake ukitazama upepo. Kwa PT6A hili hutokea lenyewe, kwani mafuta ya kulainisha (oili) yakikosa shinikizo, springi na vizito vinayageuza mapanga. Ndiyo sababu Caravan zilizoegeshwa mapanga yake yamekaa hivyo, mara nyingi yakiwa yamefungwa mkanda yasizungushwe na upepo. Katika hali hiyo hakuna nguvu ya injini ya kuficha chochote, na mwili wa ndege unabaki uchi mbele ya hesabu. Waliinyiririsha kwa kasi mbalimbali, polepole na haraka, hadi mchoro ukakaribia ule wa kitabu. Wakaishia kwenye 0.037 kwa umbo na 0.041 kwa kubeba. Kasi bora ikatoka noti 99 hivi. Si 95 ya kitabu, lakini ni ndege ya familia ileile, na kunyiririka kukashuka chini ya mita 13 kwa mita moja. Athari ya ardhi ikarudishwa ilivyokuwa.

Kisha wakajaribu propela ikiwa hewani na injini imerudishwa chini kabisa, ambako mapanga yaliyokaa bapa yanakuwa ukuta mbele ya ndege. Hili lilikuwa limefichwa vilevile na bawa lao kamilifu.

Injini ndiyo iliyochukua muda. Waliondoa ule ukomo wa 675, wakaandika jedwali la nguvu ambazo injini inaweza kutoa kwa shinikizo na joto tofauti la hewa, wakaiunganisha ITT na joto la nje. Mstari mwekundu ukabaki mahali pake halisi, kwenye uso wa geji na kwenye mkono wa anayerusha. Tofauti inaonekana mara moja katika kupanda kutoka Dodoma. Kwa ndege iliyojaa, kila nguvu farasi 50 zinazopotea ni kama futi 135 kwa dakika ambazo hutazipata.

Mzee aliporudi akaomba mchana wa nyuzi 32, upepo wa mashariki, njia ya kurukia namba 09. Aliruka, akatazama ITT zaidi ya alivyotazama nje, akazunguka, akatua. Hakusema ni nzuri. Aliuliza kama wanaweza kumwekea Nduli ya Iringa, ambayo iko zaidi ya mita 1,400, kisha akaanza kusimulia mambo ya Nduli na jaribio likaishia hapo.

Waliopakua hawakufurahi wote. Mengi ya malalamiko yalikuwa ya aina moja: ndege imeharibika, ukisukuma nguvu yote injini inakufa baada ya muda. Toleo la zamani lilikuwa linasukumwa hadi mwisho popote na halikulalamika. Mchora umbo alitaka warudishe ukomo, angalau kama chaguo kwenye menyu, kwa kuwa watu hawasomi maelekezo. Fundi akakataa. Kwa maoni yangu mchora umbo alikuwa na hoja: mtu anayejifunza kuruka kwa mara ya kwanza akiwa chumbani kwake Nkuhungu hana mzee wa kumwonyesha mkono usimame wapi. Walikubaliana kwenye kitu cha katikati. Ndege inatoka bila ukomo, lakini ukivuka mstari mwekundu maandishi yanatokea chini ya skrini yakitaja geji ipi imevukwa.

Bado kuna yasiyokaa sawa, nayo yameandikwa wazi kwenye faili la maelezo. Propela ya kurudisha nyuma inashika polepole mno baada ya kugusa ardhi. Kichujio cha vumbi cha injini, ambacho kwenye njia za changarawe rubani hukifungua na kupoteza toki kidogo, kina swichi inayosogea lakini hakipunguzi chochote. Na kuna suala la kisanduku cha mizigo kinachofungwa chini ya tumbo. Mchora umbo amekimaliza, kina hata mikwaruzo ya mawe, na anataka kitoke sasa hivi ili aanze ndege nyingine, ATR. Fundi anasema kisanduku kile kinabadilisha ukinzani wa umbo, na hatakiweka hadi ainyiririshe ndege upya bila injini, kwa kasi zote.